Kozi ndefu, warsha, mtandao au uanagenzi: ujifunze wapi kumfundisha mwanafunzi asiyeona?

Mwalimu akiambiwa kwamba muhula ujao atapokea mwanafunzi asiyeona, kinachomjia kwanza ni hofu, kisha swali: nikajifunze wapi? Mkuu wa shule ana swali hilo hilo kwa upande wa mfuko. Ampeleke mwalimu mmoja chuoni miaka miwili, au alete wakufunzi wakae na walimu wote siku tatu?

Njia zilizopo kwa kawaida ni nne: kozi ndefu ya chuo, warsha fupi kazini, masomo ya mtandaoni, na uanagenzi, yaani kufanya kazi bega kwa bega na mwalimu mzoefu. Kila moja ina watu wanaoiapia na wanaoibeza. Kwa maoni yangu ugomvi huo huanza mahali pasipofaa, kwa sababu watu hulinganisha njia kabla hawajakubaliana wanataka kuweza kufanya nini.

Kwanza, kazi yako ni ipi?

Jina "mwalimu wa wasioona" limebeba kazi mbili. Kuna mtaalamu: huyu humfundisha mtoto kusoma na kuandika nukta nundu (Braille, maandishi ya kupapasa kwa vidole), kuhesabu kwa abakasi (fremu ya shanga), kutembea na fimbo nyeupe, kutumia programu ya kusoma skrini. Halafu kuna mwalimu wa somo au wa darasa, mwenye wanafunzi hamsini ambao mmoja wao haoni. Huyu wa pili anahitaji mambo machache lakini kila siku: kusema kwa sauti kila anachokiandika ubaoni, kuacha "hiki hapa" na "kile pale", kutoa matini ya wiki ijayo mapema ili ichapwe kwa nukta nundu, na kujua ni mchoro upi ubadilishwe kuwa wa kupapaswa na ni upi uelezwe kwa maneno tu.

Mafunzo mengi huharibika kwa kumpa mmoja somo la mwenzake. Mwalimu wa kemia anakalishwa siku nzima kukariri alfabeti ya nukta nundu, ambayo ataisahau kabla mwezi haujaisha. Mtaalamu mtarajiwa naye anapewa mihadhara ya kubadili mtazamo, hali yeye ndiye aliyeomba kwenda.

Jambo la pili la kuamua ni mwanafunzi mwenyewe anaona kiasi gani. Shirika la Afya Duniani huhesabu upofu kuanzia uoni ulio chini ya 3/60 kwenye jicho lenye nafuu, yaani mtu asiyeweza kuona kwa mita 3 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Hata ndani ya kundi hilo wamo wanaoona mwanga, vivuli, au vidole vikiwa karibu. Juu yao kuna wenye uoni hafifu, nao ni wengi zaidi, na hawafanani. Mwanafunzi mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo kumkalisha mbele kabisa akielekea dirisha ni kumtesa kwa nia njema. Mwenye retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa retina, hupoteza uoni wa pembeni kwanza: anaweza kusoma herufi ndogo, kisha akainuka na kugonga dawati lililo mbele yake, na wenzake wakamwita mwongo. Ukimkuzia maandishi kupita kiasi unamharibia, kwa kuwa herufi chache tu zitaingia kwenye kile kitundu anachoonea. Wapo pia ambao macho yao ni mazima ila tatizo liko kwenye ubongo. Uoni wao hupanda na kushuka kwa uchovu na kelele, na bila mwalimu aliyefundishwa kulitambua hilo, wataitwa wavivu.

Mafunzo yanayozungumzia nukta nundu peke yake huwaacha wote hawa nje.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote nne kwa mambo haya: unatoka ukiweza kufanya nini, unafanya mazoezi na nani, na nani anakufundisha, muda unaokula na mzigo unaowaachia wengine, kinachobaki mafunzo yakiisha, na nani anafaidika zaidi.

Kigezo cha kwanza kina kipimo kizuri kilichokwisha kuandaliwa. Mwaka 1996 Phil Hatlen wa Marekani aliorodhesha maeneo ambayo mtoto asiyeona lazima afundishwe makusudi, kwa kuwa mwenye macho huyaokota kwa kutazama tu. Leo huhesabiwa tisa: stadi za kufikia masomo (nukta nundu ikiwamo), mwelekeo na mwendo, kuishi na watu, kujihudumia nyumbani, burudani na michezo, kutumia vyema milango ya fahamu, teknolojia saidizi, maandalizi ya kazi, na kujiamulia mambo. Chukua orodha hiyo, iweke kando ya mtaala wa mafunzo unayoyafikiria, uone mangapi yamo. Utashangaa jinsi mitaala mingi inavyoishia kwenye mawili au matatu.

Kozi ndefu ya chuo

*Unatoka ukiweza nini.* Hapa ndipo nukta nundu hujifunzwa hadi ikakaa. Kuijua alfabeti si kazi kubwa: seli moja ina nukta sita, na nukta hizo hutoa michanganyiko 63. Kazi inaanza baada ya hapo. Kuna vifupisho, kuna alama za hisabati na sayansi, kuna kuandika kwa kibao cha kutobolea, ambapo mkono huenda kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi huandikwa kinyume ili karatasi ikigeuzwa isomeke sawa. Mwalimu mwenye macho huisoma nukta nundu kwa kuitazama, na hilo linatosha kwa kusahihisha daftari. Ila halimfundishi mtoto. Mtoto anasoma kwa vidole, na anayemfundisha lazima ajue vidole vinavyopaswa kwenda: mikono miwili ikisaidiana, mguso mwepesi, mwendo wa kuteleza juu ya mstari bila kusugua herufi moja mara tano. Mtoto aliyezoea kusugua hubaki msomaji wa polepole, na tabia hiyo ni ngumu kuing'oa. Sijaona njia nyingine iliyo na saa za kutosha kumkalisha mwalimu kwenye jambo hili.

*Mazoezi na wakufunzi.* Kozi nzuri ina mazoezi ya kufundisha chini ya usimamizi, kwenye darasa lenye wanafunzi wasioona. Kozi dhaifu ina nadharia, mtihani, na ziara moja. Tahadhari nyingine: kozi nyingi za elimu maalumu hugusa ulemavu wa kila aina, na uoni ni moduli moja tu kati ya nyingi. Cheti chake ni halali, lakini usitarajie mtaalamu wa nukta nundu hapo. Omba ratiba uhesabu saa. Uliza pia kama miongoni mwa wakufunzi wamo wasioona. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unazitaka nchi kuajiri walimu wanaomudu nukta nundu au lugha ya alama, wakiwamo walimu wenye ulemavu wenyewe. Louis Braille, naye asiyeona, hakuishia kubuni nukta nundu tu. Alikuwa mwalimu katika shule ile ile ya Paris aliyosomea.

*Muda na mzigo.* Mwaka mmoja hadi minne, kulingana na ngazi. Mwalimu anaondoka, na mtoto aliyesababisha safari hiyo anabaki akisubiri. Hili ndilo pengo kubwa la njia hii.

*Baada ya mafunzo.* Ujuzi unakaa, mradi utumike. Mhitimu akirudishwa kwenye shule isiyo na mwanafunzi hata mmoja asiyeona, vifupisho humtoka. Na akihamishwa, shule imepoteza kila kitu, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

*Inamfaa* anayetaka kuifanya kazi hii maisha yake yote, na shule au eneo lenye wanafunzi wa kutosha kumweka kazini.

Warsha fupi kazini

*Unatoka ukiweza nini.* Warsha iliyopangwa vizuri humtosha mwalimu wa somo. Siku mbili au tatu zinatosha kujifunza kusema ubao kwa sauti, kumwongoza mtu kwa kumpa kiwiko badala ya kumvuta mkono, kupanga darasa lisiwe na begi njiani, kuandaa mtihani wenye muda wa ziada, na kuzitambua zile aina za uoni hafifu nilizozitaja. Ukiahidiwa kwamba utatoka ukijua nukta nundu kwa siku tatu, ahadi hiyo ni ya uongo, hata kama aliyeitoa ana nia njema.

*Mazoezi na wakufunzi.* Hapa pana jambo linaloniudhi: zoezi la kufungwa kitambaa machoni. Watu hutembea ukumbini nusu saa, wanagongana, wanacheka, mwishoni wanasema "maskini, kumbe wanapata tabu hivi." Walichokionja ni mashaka ya mtu aliyepofuka dakika ileile. Maisha ya mtu aliyekwisha kujifunza kuishi bila kuona hawakuyagusa. Wanarudi darasani wakiwa na huruma nyingi na matarajio madogo, na mwanafunzi huyasikia matarajio hayo kwenye sauti zao. Kwenye mafunzo ya mwelekeo na mwendo wakufunzi nao hufungwa macho, ila kwa saa nyingi, wakiwa na fimbo mkononi na msimamizi nyuma yao, mpaka wafike waendako. Hilo ni zoezi jingine kabisa. Kwenye warsha ya siku tatu, ningemwalika mtu mzima asiyeona afanye kazi zake mbele ya walimu: asome, aandike barua pepe, atoke kwenda maktaba. Hilo hufundisha zaidi ya kitambaa.

*Muda na mzigo.* Mdogo. Ikifanywa wakati wa likizo, hakuna darasa linaloachwa.

*Baada ya mafunzo.* Karibu hakuna, isipokuwa kama wakufunzi watarudi. Warsha mbili za siku moja, zikitenganishwa na mwezi mmoja wa kujaribu darasani, huzaa kuliko siku tatu mfululizo, kwa sababu mara ya pili walimu huja na maswali yao wenyewe.

*Inamfaa* wafanyakazi wote wa shule kwa pamoja, mlinzi na mpishi wakiwamo. Nguvu yake ni kuwafikia wengi: mtaalamu akihama, utaratibu unabaki.

Masomo ya mtandaoni

Watu huidharau njia hii wakidhani kwamba nukta nundu haiwezi kufundishwa kwa mbali. Historia inawapinga. Mwaka 1920 William Hadley, mwalimu wa Marekani aliyepoteza uoni ukubwani, alianza kufundisha nukta nundu kwa njia ya posta, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mama wa nyumbani wa Kansas. Shule aliyoianzisha inaendelea mpaka leo.

*Unatoka ukiweza nini.* Mwalimu mwenye macho anaweza kabisa kujifunza kuisoma nukta nundu kwa macho na kuiandika, akiwa na nidhamu ya nusu saa kila siku. Teknolojia ndiyo inayofundishika vizuri zaidi hapa. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, hupatikana bure. Unaipakua, unazima skrini, na unajifunza kuendesha kompyuta kwa vitufe na masikio kama atakavyofanya mwanafunzi wako. Magonjwa ya macho na athari zake darasani pia husomeka vizuri kwa mbali.

*Mazoezi na wakufunzi.* Hapa ndipo panapovuja. Hakuna atakayeiona mikono yako ikiongoza vidole vya mtoto, wala atakayekwambia kwamba fimbo uliyompa ni fupi mno. Kozi zenye mkufunzi anayepokea video zako na kuzitolea maoni hupunguza tatizo hili. Zile za kubofya "endelea" mpaka cheti kichapwe haziligusi.

*Muda na mzigo.* Unajipangia. Ndiyo faida yake, na ndiyo sababu wengi huishia njiani.

*Baada ya mafunzo.* Masomo hubaki pale pale, unaweza kurudi kuyapitia siku unapokwama. Ukipata kundi la walimu wenzako kwenye kozi hiyo, hilo huenda likawa na thamani kuliko kozi yenyewe.

*Inamfaa* aliye mbali na chuo, aliye tayari na mwanafunzi darasani, na mwalimu ambaye mwenyewe haoni. Huyo wa mwisho ajaribu somo moja la jukwaa hilo kwa kisoma skrini kabla ya kujiandikisha. Ni aibu, lakini zipo kozi za kufundisha wasioona ambazo asiyeona hawezi kuzifungua.

Uanagenzi

Anne Sullivan hakuwa na shahada ya ualimu alipokwenda kumfundisha Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, mnamo Machi 1887. Alichokuwa nacho ni miaka ya kuishi Perkins, shule ya wasioona ya Marekani, ambako yeye mwenyewe alisoma akiwa na uoni mbovu, alfabeti ya vidole (ya kutaja herufi kwa mkono) aliyoizoea kwa kukaa karibu na Laura Bridgman, naye asiyeona wala kusikia, na miezi aliyoitumia kusoma kumbukumbu za Samuel Gridley Howe, mwalimu wa Laura. Hadithi yake husimuliwa kama muujiza. Mimi naiona kama uanagenzi uliofanywa sawasawa.

*Unatoka ukiweza nini.* Unatoka ukiweza kumfundisha mtoto huyu, kwenye shule hii, kwa vifaa hivi. Mwalimu mzoefu anayetembelea shule kwa zamu hukaa darasani kwako, anakutazama ukifundisha, kisha mnabadilishana. Anaona usichokiona: kwamba unamjibia mtoto kabla hajajibu, kwamba jirani yake ndiye anayemwandikia kila kitu, kwamba mchoro wako wa kupapasa una mistari mingi mno kwa kidole kuitenga.

*Mazoezi na wakufunzi.* Yote ni mazoezi. Udhaifu ni kwamba unarithi mema na mabaya. Mwalimu wako akiwa aliiacha teknolojia miaka kumi na tano iliyopita, nawe utaiacha.

*Muda na mzigo.* Hakuna anayeondoka shuleni. Mzigo umo kwa yule mzoefu, ambaye pengine ana shule nyingi na barabara mbovu. Akija mara moja kwa muhula, huo haupaswi kuitwa uanagenzi.

*Baada ya mafunzo.* Mtu wa kumpigia simu. Hakuna cheti, na kwenye kupandishwa daraja hilo huuma.

*Inamfaa* mwenye mwanafunzi leo hii, na aliyetoka kozi ndefu akiwa na nadharia kuliko mikono. Ila jihadhari na kitu kimoja: mtaalamu akishaanza kuja, mwalimu wa darasa huanza kusema "mtoto wako" badala ya "mwanafunzi wangu". Mkifika hapo, mtaalamu arudi nyuma hatua moja.

Kwa hali yako

*Mtoto haoni kabisa na ndiyo kwanza anaanza shule.* Huyu hawezi kusubiri miaka miwili. Mwalimu wake aanze nukta nundu mtandaoni wiki hii, na shule itafute mwalimu mzoefu wa kumtazama walau kila baada ya wiki mbili. Kozi ndefu ianze sambamba, kwa mtu mwingine ikiwezekana, ili mtoto asibaki bila mwalimu.

*Kijana amepoteza uoni akiwa sekondari.* Tayari anajua kusoma na ana mitihani mbele. Kisoma skrini na fimbo nyeupe vitamrudisha darasani haraka, nukta nundu itafuata kwa kasi yake. Warsha fupi kwa walimu wake wote wa masomo, na mtaalamu mmoja kwa ajili yake, ndio mpango ninaouona mwepesi kutekelezeka.

*Mwanafunzi ana uoni hafifu.* Usikimbilie kozi ya nukta nundu. Tafuta kwanza mtu wa kupima anavyoutumia uoni wake darasani: saa ngapi macho huchoka, mwanga upi humfaa, maandishi ya ukubwa gani. Warsha na masomo ya mtandaoni yatakutosha, isipokuwa kama daktari amesema uoni utaendelea kushuka. Hapo nukta nundu ianze mapema, wakati mtoto bado anaona anachofanya.

*Shule ina fedha za jambo moja tu.* Wanafunzi wakiwa kadhaa na wengine wanakuja, msomeshe mmoja kozi ndefu, na mwandikiane kwamba akirudi atawafundisha wenzake wawili. Mwanafunzi akiwa mmoja, fedha hiyo ilipe safari za mwalimu mzoefu kwa mwaka mzima.

*Hakuna mwanafunzi asiyeona shuleni kwa sasa, lakini mnataka kujiandaa.* Fanyeni warsha, na humo jifunzeni kuwatambua wenye uoni hafifu. Baada yake pitieni madarasa mkiangalia anayesogeza daftari hadi puani, anayenakili kutoka kwa jirani, anayekwepa kucheza mpira jioni. Huenda mkagundua kwamba yumo, na amekuwamo tangu darasa la kwanza.